Karatasi Iliyosomwa Kaburini

Jumanne, 17 Juni 2025
Ukungu mpaka saa tano. Baridi kali.

Mama alikuwa nesi, na hakuwahi kumaliza zamu bila kuandika. Tarehe kwanza, halafu hali ya hewa, halafu mgonjwa. Hali ya hewa aliiandika kwa sababu ziwa likichafuka wajawazito wa vijiji vya mbele walikuwa hawafiki zahanati. Nami nimechukua daftari ambalo binti yangu Aurelia aliliacha nusu alipoolewa, na leo mgonjwa ni mimi mwenyewe.

Mama Ottilia amefariki Jumamosi saa nne asubuhi, nyumbani kwake ziwani, mbele kidogo ya Mbamba Bay. Amezikwa Jumapili saa tisa mchana. Mimi, ambaye alinilea tangu nina saa moja duniani, nimefika Jumatatu.

Mtaa wetu hapa Matiri umeme haujafika. Simu tunachajisha dukani kwa Fakihi, mwenye sola mbili juu ya bati. Jumamosi niliiacha pale asubuhi, nikaingia shambani na mume wangu Kilian kuchuma kahawa, tukatoka jioni duka limeshafungwa. Jumapili akafungua duka saa kumi jioni, nikaenda kuichukua. Imepigwa mara kumi na moja.

"Niliiona inaita, Mama Aurelia," Fakihi akasema. "Jina lilikuwa la mwanaume, Ladislaus. Simu ya mke wa mtu mimi siipokei. Baba Aurelia angenielewaje?"

Ladislaus ni katekista wa kule ziwani, ana miaka sabini na tano na meno manne. Nilimwambia Fakihi maneno ambayo sitayaandika hapa, maana daftari hili linaweza kusomwa na wajukuu.

Jumapili jioni nilipopata habari hakukuwa tena na gari la kuteremka. Nilipofika Jumatatu kaburi lilikuwa limeshapambwa maua, upepo wa mwera unavuma kutoka ziwani na kuyang'oa moja moja. Jirani yake Vitalia, aliyemuuguza mpaka mwisho, alinikumbatia na kuniambia wasifu wa marehemu ulikuwa mzuri, watu walilia.

Mimi nilikua kule, najua mazishi ya kule yanavyokwenda. Wasifu ukifika kwenye watoto wa marehemu, msomaji anasimama, anaita jina mara tatu, mtoto anaitika, anasogea na kutupa udongo wa kwanza. Kwa hiyo nilimuuliza Vitalia swali moja tu.

"Mtoto aliitwa?"

Akaangalia miguu yake. "Hapana, dada. Hakuitwa mtu. Katekista alitupa udongo mwenyewe."

Jumatano, 18 Juni
Ukungu. Tumechuma. Sina la kuandika.

Ijumaa, 20 Juni
Jua kidogo mchana. Kahawa ya juzi imekobolewa, iko kichanjani inakauka.

Nimempigia Katekista Ladislaus. Nimemwamkia vizuri, nikamwomba anisomee ule wasifu.

"Sinao," akasema.

"Uko wapi, Baba?"

"Karatasi ilisomwa, ikamaliza kazi yake. Wewe njoo kwenye arobaini, mwanangu. Tutaonana." Akakata.

Mzee huyu tangu nikiwa mdogo alikuwa hivyo. Alinifundisha Baba Yetu kwa fimbo. Naona anafurahi kuniacha nje.

Niandike sasa kwa nini nautafuta, maana Kilian ananiuliza na ninamjibu ovyo.

Mama hakuzaa. Mama aliyenizaa alifia zahanati usiku wa kunizaa, baba alikuwa amevuka ng'ambo ya ziwa kutafuta kazi na hakurudi, na Nesi Ottilia akanichukua nyumbani kwake kwenye beseni la zahanati. Akanisomesha, akaniozesha huku milimani. Pasaka ya mwaka huu, tarehe 20 Aprili, nilishuka kumsalimia. Miguu yake ilikuwa imevimba. Akaniomba nihamie kwake miezi michache. Nikaanza kumhesabia kazi zangu: kahawa, ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mahindi, hazijageuzwa, kuku. Akasema, "Gertruda, nakuomba kama mama yako." Nami, kwa hasira ya mtu anayejua kwamba amekosea, nikamjibu: "Mimi si mtoto wako wa kumzaa. Nina watu wangu kule."

Jioni nilipokuwa nafunga mzigo aliniita kutoka chumbani kwake, "Gertruda." Tangu nikiwa mdogo alinifundisha kwamba ukiitwa unaitika abee mara moja, hata kama una tonge mdomoni. Siku ile nilisikia na sikuitika. Akaita tena. Nikatoka kupanda bodaboda.

Baada ya hapo tuliongea kwenye simu mara nne au tano. Salamu, mvua, kuku.

Sasa arobaini ni tarehe 26 Julai. Wasifu utasomwa tena, watoto wa marehemu watakaa mbele. Nataka kujua kabla ya siku hiyo kama Mama alikufa nikiwa mtoto wake. Kama sivyo, nitakaa nyuma na majirani, na nitakuwa nimestahili. Lakini nijue.

Jumapili, 22 Juni
Baridi. Upepo.

Fakihi amekuja nyumbani na mke wake Rukia na kilo mbili za sukari. Amekaa kwenye ukingo wa kiti kama mshtakiwa. Rukia akasema mume wake hali chakula vizuri tangu wiki iliyopita. Nimewapa chai. Msamaha sikuwapa.

Alhamisi, 26 Juni
Tumechuma. Vidole vimepasuka.

Jumanne, 1 Julai
Ukungu haukuondoka kabisa leo.

Vitalia amepiga. Nilimwomba aulizie ile karatasi. Kwanza ilikuwa ndani ya kitabu cha Misale cha katekista. Halafu mjumbe mmoja aliyesimamia mazishi akamwambia iliondoka tarehe 18 kwenda Mbamba Bay kwa fundi wa misalaba ya saruji, ili anakili jina na tarehe.

"Fundi gani?"

"Masoudi. Yule Mwislamu. Makaburi yetu yote ni yeye."

Nikamuuliza tena kuhusu wasifu, alisikia nini hasa. Akasema alikuwa analia, alisikia Mbuji alikozaliwa, alisikia idadi ya watoto aliowazalisha, watu wakaguna kwa mshangao. Mwingine aliyekuwa karibu naye amemwambia kuna mahali katekista alikohoa, akageuza macho na kuendelea.

Alikohoa! Namjua mzee yule. Mapafu yake ni mazima kama ya punda.

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba. Jua la uongo, linawaka lisipashe.

Tumegombana na Kilian. Nimesema nateremka Mbamba Bay wiki hii. Akasema kahawa imeiva yote kwa pamoja, mwaka huu miti imeamua kutukomoa, nikiondoka siku mbili itaanguka chini. Nikasema ianguke. Akasema mimi naongea kama mtu asiyejua kahawa ni nini.

Ndipo nilipomwambia maneno ya Pasaka. Miezi miwili na nusu nilikuwa sijamwambia. Alikuwa ameshika kikombe, akakiweka chini.

"Ulimwambia hivyo Mama?"

"Ndiyo."

Halafu akasema, "Nenda. Mimi nitaongea na jumuiya yetu ya kanisani."

Nimeishi na mwanaume huyu miaka ishirini na nane na bado naweza kushangaa. Asante Mungu kwa Kilian. Sijamwambia yeye, nimeandika hapa.

Jumatano, 9 Julai
Ukungu mpaka saa nne.

Nimekwenda dukani kwa Fakihi kununua chumvi, na kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumwuliza, nikamwuliza kama anamfahamu fundi Masoudi. Uso wake ukafunguka.

"Masoudi? Huyo ndugu yangu. Saruji yake huwa napakia mimi kwenye kenta." Akampigia hapo hapo, akaweka sauti ya wazi. Nikamsikia fundi mwenyewe: karatasi anayo, lakini haisomi kwenye simu.

"Maneno ya marehemu hayasomwi kwenye simu kama bei ya dagaa," akasema. "Mwenye marehemu aje."

Nikataka kumtukana kupitia simu ya Fakihi. Fakihi akaikata haraka, akasema Jumamosi anateremka kuchukua dagaa wa usipa, na mimi na Rukia tutakaa mbele na yeye. "Nikupeleke, Mama Aurelia. Nina deni la ile simu, na deni lenyewe si la fedha."

Nilitoka dukani nimesahau chumvi. Fakihi hakuwa na ubaya wowote siku ile. Alikuwa anailinda heshima yangu mwenyewe, na mimi nilimwita jina la mnyama. Nimerudi kuchukua chumvi na kumwomba msamaha. Amelia, mtu mzima yule, mbele ya wateja.

Jumamosi, 12 Julai
Milimani ukungu. Ziwani jua, mwera mkali, mawimbi meupe.

Naandikia nyumbani kwa Vitalia.

Tulifika Mbamba Bay saa sita kasoro. Karakana ya Masoudi ni uwanja tu, una misalaba ya saruji imelazwa mchangani inakauka, na upande wa pili mawe ya makaburi ya Waislamu. Yeye ni mtu mfupi, ana saruji mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa karatasi. Najua umenichukia."

"Siku tatu," nikamwambia. Akacheka sana.

Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaingia ndani, akatoka na kopo kubwa la maziwa ya unga. Ndani zimejaa karatasi: za madaftari, za sukari zilizoandikwa nyuma, moja ya kalenda. Ni wasifu wa watu aliowaandikia kaburi, miaka ishirini na sita.

"Huwa wanasema nitupe tu nikimaliza," akasema. "Lakini mwishoni kila moja ina jina la Mwenyezi Mungu. Karatasi yenye jina lake siitupi, wala siifungii kitu. Na mimi naandika kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Ikikauka nimekosea mwaka, mtu atakaa na kosa langu mpaka kiama. Kwa hiyo zinakaa hapa, nikibishiwa ninazo."

Alitafuta taratibu mno. Mimi nilikuwa nimeshika kanga ya Rukia kwa nguvu mpaka akaniambia nimuachie anyooshe mkono.

Karatasi yenyewe ilikuwa ndefu, ya rejista ya wodi. Nilitegemea kuona mwandiko wa katekista. Ulikuwa wa Mama. Ile saba yake iliyokatwa tumboni. Alikuwa amejiandikia wasifu wake mwenyewe, akaacha nafasi ya tarehe ya kufa, na nafasi hiyo ndiyo pekee iliyojazwa na mtu mwingine.

Juu, pembeni kulia, kama kawaida yake: 3/5/2025. Wiki mbili baada ya Pasaka. Nilisoma tarehe hiyo mara tatu kabla ya kusoma kitu kingine.

Nanakili hapa sehemu inayohusika, neno kwa neno:

"Nimezaliwa Mbuji. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na minne, yote hapa ziwani. Kwa hesabu ya rejista nimepokea watoto elfu mbili na mia moja na kumi na wanne. Nikisema nimewakumbuka wote nitakuwa nimedanganya. Mmoja mama yake alifariki mikononi mwangu na sikuweza kumzuia, nikabaki na mtoto. Wengine wote niliwakabidhi kwa mama zao. Huyu nilikabidhiwa mimi. Ameacha mtoto mmoja, Gertruda, anayelima kahawa Matiri. Ikiwa ni msimu wa kuchuma, asilaumiwe akichelewa. Ana kazi nyingi na hasira fupi, lakini nikimwita huja."

Nilikaa chini mchangani, katikati ya misalaba. Rukia akakaa na mimi. Masoudi akamwambia Fakihi waende wakaangalie mifuko ya saruji, na mifuko yenyewe haikuwa na shida yoyote.

Nikimwita huja. Nilimwita mara mbili akiwa hai bila kumwitikia, yaani aliniita yeye, mara mbili. Hata kuandika nachanganya. Na bado akaandika hivyo, kwa kalamu, na kuweka tarehe.

Ndipo nilipoona penseli. Kuanzia "Ameacha mtoto mmoja" mpaka "huja" kulikuwa na mabano makubwa, na pembeni neno moja: RUKA. Mwandiko huo naujua, uko kwenye cheti changu cha ubatizo.

Nilipanda bodaboda nikiwa nachemka. Katekista nilimkuta anaanua muhogo wake kabla upepo haujautia mchanga. Hata shikamoo niliisema kama tusi.

"Marahaba. Umekula?"

"Sijaja kula. Kwa nini uliniruka?"

Akaiangalia karatasi mkononi mwangu, akakaa juu ya kinu kilicholazwa. Sikuwahi kumwona amezeeka kiasi hicho.

"Kaa, Gertruda. Ulikuwa wapi siku ile saa tisa?"

"Unajua nilikuwa wapi."

"Sikujua. Nilipiga, nikapiga, hupokei. Nikajua labda umekasirika bado, kwa sababu Ottilia alinieleza ya Pasaka. Labda simu imekufa. Sikujua. Tukafika kaburini, watu zaidi ya mia tatu, nusu yao amewazalisha yeye. Ningesoma mstari huo, ningelazimika kuita. Ningeita mara tatu, kimya. Jina lililoitwa kaburini lisiitikiwe, watu wa hapa wangekufanya nini?"

"Wangenitungia wimbo wa kejeli," nikasema.

"Wangekutungia wimbo. Na wangeuimba mpaka kwa wajukuu zako." Akafuta macho kwa mkono wenye unga wa muhogo. "Nimesoma wasifu miaka arobaini, sijawahi kuruka neno la marehemu. Siku ile nimeruka. Nilikohoa kama mwizi. Kwenye simu nilishindwa kukueleza, niliona aibu. Nikasema utakuja arobaini, nitasoma yote, nitakuita ukiwepo."

Kisha akaingia ndani akatoka na kopo dogo la plastiki. Ndani kulikuwa na udongo mkavu.

"Huu ni wa siku ile. Nilitupa konzi moja kwa niaba ya Kanisa. Wa kwako nikauweka."

Miaka arobaini na sita nimemdhania mzee huyu vibaya kwa sababu ya fimbo ya Baba Yetu. Nimempigia magoti. Nimekula muhogo wake na samaki wa mbasa wa kuchoma, na nilikuwa na njaa kweli.

Jumatatu, 14 Julai
Ukungu umewahi kuondoka leo, saa tatu.

Nimerudi nikitegemea kahawa chini ya miti. Jumuiya walikuja Jumamosi, watu kumi na tisa, wakachuma upande wote wa bondeni, wakakoboa, wakaosha. Baadhi yao nina ugomvi nao wa mpaka wa shamba. Vichanja vimejaa. Kilian anatembea kati yake kama mtu aliyefanya mwenyewe.

Ijumaa, 18 Julai
Jua zuri. Kahawa inakauka vizuri. Nashukuru.

Jumatano, 23 Julai
Baridi. Nimefua gauni la arobaini. Fakihi anatupeleka na kenta bure, ameshatandika mkeka nyuma kwa jumuiya. Simu yangu siku hizi akiiona inaita anaipokea kwa sauti kubwa: "Hapa ni dukani, mwenyewe yuko shambani, sema!" Kilian ndiye aliyemwagiza.

Jumapili, 27 Julai
Ziwani jana: jua, mwera umetulia, maji laini.

Misa saa nne, halafu makaburini. Msalaba umesimama, herufi za Masoudi zimenyooka, miaka yote miwili sahihi. Yeye mwenyewe alikuja, akasimama nje ya uzio na kofia yake, pamoja na Fakihi na Rukia.

Nilikaa mbele, peke yangu kwenye mkeka wa watoto. Nyuma yangu walikuwa wale elfu mbili wake, waliokuwepo angalau, wanaume wenye mvi na wasichana wenye watoto mgongoni. Niliona aibu na niliona raha, vyote kwa pamoja, nikaviacha vikae.

Katekista alisoma tangu mwanzo. Mbuji. Uuguzi. Alipofika kwenye mabano ya penseli sikumsikia akikohoa. Alisoma kwamba wengine wote aliwakabidhi kwa mama zao. Alisoma kwamba huyu alikabidhiwa yeye. Alisoma kuhusu msimu na kuchelewa, na watu wakacheka kidogo kwenye hasira fupi. Kisha akashusha karatasi, akavua miwani, kama desturi inavyotaka.

"Gertruda."

Alikuwa na haki ya kuita mara mbili zaidi. Nilikuwa nimeshasimama, kopo la udongo mkononi.

"Abee, Mama," nikasema.